Mstari Ubavuni mwa Tabitha

Mchoro ulikuwa umekwisha, isipokuwa mstari mmoja. Bandari ya Whitby, gati, nyumba zilizobebana kilimani, meli Tabitha ikiingia nyumbani: vyote vilikwisha kauka kwenye karatasi. Ubavuni mwa meli tu ndipo Mzee Harland alipoacha ukanda mtupu, mwembamba kama uzi.

"Mbona huujazi?" Tamar Storr aliuliza kwa mara ya tatu.

"Bibi Storr, utaniua kwa maswali! Kwenye rangi za maji, nyeupe ni karatasi yenyewe. Mumeo akiwa mzima, kazi imekwisha. Akiwa..." Mzee akameza maneno.

Hakukuwa na haja ya kuyasema. Meli iliyofiwa na nahodha, mstari wake mweupe wa ubavuni hupakwa buluu kabla ya kuingia bandarini, na mji mzima hujua hata kabla mjane hajaambiwa. Na mabaharia waliotangulia kutoka Riga walikuja na habari mbaya: homa imeingia Tabitha, na Nahodha Storr hajainuka kitandani wiki mbili.

Tangu siku hiyo Tamar hakula akashiba wala hakulala. Kila kukicha yuko gatini, na joto lote lile la Julai, mikono ya gauni lake imefungwa vifungo hadi viganjani. Wauza samaki walimwonea huruma, maskini. Leo alikuwa amempeleka bintiye kwa dada yake York, akarudi peke yake na kukaa juu ya kapu lililojaa nguo.

"Loo, kupendwa huku!" Harland akamtania ili kumpoza. "Mimi wangu haningoji hata kwa chai."

Tamar hakucheka. Maji yalikuwa yanajaa, na tanga lilichomoza mdomoni mwa bandari.

"Tazama wewe, Mzee. Mimi siwezi."

Harland akainua darubini. Tamar akafumba macho, midomo ikisali.

"Nyeupe!" mzee akapaza sauti. "Nyeupe pe! Na yule pale sitahani, anapunga kofia! Bibi, mumeo mzima!"

Tamar akaangua kilio. Wauza samaki wakashangilia, wakakumbatiana, na Harland mwenyewe akajifuta machozi.

"Haya, mchoro wake huo. Aliuagiza mwenyewe autundike sebuleni. Mpelekee."

Tamar akamnyang'anya brashi. Akafungua vifungo, akakunja mkono wa gauni usichafuke, na Harland akaona makovu ya moto, moja juu ya jingine, kutoka kifundo hadi kiwiko.

Tamar akaichovya brashi kwenye buluu, akaujaza ule ukanda mtupu, toka omo hadi tezi. Kisha akabeba kapu lake, akashika njia ya stesheni kabla Tabitha haijafunga kamba.