Redio ya Mdundo

"Taa inawaka, namba zinakimbia, sauti hakuna."

"Jaribu tena," mkewe akamwambia.

Baba Mdundo akabonyeza tena. Redio ya gari ikawaka buluu, namba za stesheni zikapanda, zikasimama. Kimya. Na kimya cha ndani ya gari lililofungwa milango, jamani, kina uzito wake.

"Siyo fyuzi?"

"Fyuzi ingekufa, hata taa usingeiona."

"Basi spika."

Akachukua betri ndogo, akaigusisha kwenye nyaya za spika ya mlangoni. Spika ikajibu: tuk. "Umesikia? Nzima. Kuna waya mahali umetugomea tu."

"Na ule uliouzungushia utepe mweusi?"

"Ule hauna kazi. Nimeufunga kwa sababu waya mtupu ukigusa chuma unaunguza vitu. Haya, labda kesho."

"Labda kesho," Mama Mdundo akaitikia, ila hakushuka. Wakabaki pale viti vya mbele, wakamzungumzia mtoto wao mpaka mbu wakawafukuza.

Gari lilikuwa la huyo mtoto, wa pekee. Redio aliifunga mwenyewe, na jina la Mdundo alipewa na majirani kwa ajili yake, maana ulimsikia kabla hujamwona. Gari halijakata kona, vikombe vya mama yake vimeshaanza kugongana kabatini. Mama naye kwa kulalamika! "Huyu mtoto atanipasua masikio!" Huku keshainuka kumpashia chakula. Kisha kijana akaugua, ugonjwa ukamshinda nguvu, na vikombe vikatulia.

Baada ya mazishi, Mama Mdundo alijifungia chumbani. Cherehani yake, iliyomsomesha kijana toka darasa la kwanza, akaifunika shuka. Chakula mpaka abembelezwe, tena vijiko viwili vitatu. Mumewe akimsemesha, anageukia ukutani. Neno lake la kwanza lilikuwa la redio.

"Washa gari lake," alisema. "Nataka nimsikie mara moja tu, vile alivyokuwa akikata kona."

Ndipo walipogundua kwamba redio inawaka lakini haisemi.

Sasa Baba Mdundo ni fundi umeme wa magari, tena si wa kubahatisha. Jirani yake hakuliacha hilo lipite. "Fundi, magari ya watu yanaimba, la kwako bubu? Kweli mganga hajigangi!" Akacheka, halafu akakumbuka lile gari lilikuwa la nani, akainamisha kichwa na kwenda zake. Baba Mdundo akarudi kwenye nyaya zake. Angemwambia nini?

Maana redio ilikuwa imeshapona. Ilipona asubuhi ya pili tu. Baba Mdundo aliingiza mkono chini ya kiti cha abiria, ilipo amplifaya ya kukuzia sauti, akakuta waya wa buluu umechomoka. Akauchomeka. Mdundo ukamtikisa kifua, naye akalia peke yake pale garini kama mtoto mdogo. Akafungua mlango akamwite mkewe.

Akasita. Jana yake, walipokuwa wamekaa humo wakihangaika na nyaya, mama yule alicheka. Alikumbuka kijana wao alivyowahi kuliunguza shati akijifanya anajua kupiga pasi, akacheka mpaka akashika mbavu. Ikiimba leo, ataisikiliza hiyo mara moja aliyoomba, kisha atarudi chumbani na kugeukia ukuta. Baba Mdundo akauchomoa waya, akauzungushia utepe mweusi, akafunga mlango taratibu.

Basi ikawa ndiyo kazi yao ya kila jioni. Yeye anapima kilicho kizima, mkewe anamshikia tochi na kumuuliza maswali. Taratibu mama akaanza kula. Akaanza kutoka mchana, mumewe akiwa gereji, kwenda kufuta vumbi garini. Siku moja Baba Mdundo alirudi akasikia cherehani inalia ndani, na sindano yenye uzi mweusi imerudi mahali pake pa siku zote, kwenye ukosi wa gauni la mkewe.

Furaha ile ikamgeukia shubiri. Nafsi ilimsuta usiku kucha. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na huyu mzazi mwenzake ameomba kitu kimoja tu duniani. Yeye ndiye anayemnyima, tena kwa uongo wa kila siku.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, akautoa utepe na kuuchomeka waya. Akajaribu kwa sauti ya chini. Ikaimba. Akazima, akaenda gereji, na kutwa nzima hakufunga hata skrubu moja ikakaa sawa. Leo atasikia, alijiambia, na kesho sitakuwa naye tena.

Jioni akamkuta mkewe keshakaa kwenye kiti chake. Dashibodi inang'aa.

"Umefuta vumbi?"

"Mchana. Haya, jaribu."

"Mama Mdundo, leo nadhani itasema."

"Wewe jaribu tu."

Akabonyeza. Taa ya buluu ikawaka, namba zikapanda, zikasimama. Akaongeza sauti mpaka mwisho.

Kimya.

Haiwezekani. Akainama haraka, akapeleka mkono chini ya kiti cha mkewe, akapapasa mpaka akaupata waya. Ulikuwa umechomolewa. Ncha yake haikuachwa tupu: ilikuwa imezungushiwa uzi mweusi, mzunguko juu ya mzunguko, na kumaliziwa kwa kale kafundo kadogo ka kushonea vifungo.

Mama Mdundo alikuwa akitazama mbele, kwenye kioo.

"Labda kesho, Baba Mdundo," alisema.