Sharti Aliloliandika Nasike

Nasike aliposikia ukelele ukumbini, aliiacha kompyuta yake akakimbilia huko. Askari walikuwa wakimpiga mwuza mkaa kwa vitako vya bunduki, na meno yake mawili yalikuwa sakafuni.

"Amefanya nini?"

"Programu yako imemtaja," kamanda alijibu. "Huyu ni wa arobaini tangu asubuhi."

Nasike alirudi mbio ofisini kulisoma sharti aliloliandika katika programu hiyo, na kamanda akamfuata. Aliagizwa atafute watu walionunua baruti na pia kuvuka mpaka. Mahali pa "na" yeye aliandika "au". Basi kila aliyevuka mpaka, hata kwenda msibani, alikuwa mshukiwa.

"Afande, kosa ni langu! Waachilieni, nirekebishe!"

"Nimeshawaambia wakubwa kwamba hawa ni magaidi. Usiguse kitu."

Majina mapya yalizidi kutokea kwenye kioo. Kule ukumbini mfupa ulivunjika, na yule mtu akamwita mama yake. Nasike alinyanyua kiti cha chuma akaiponda kompyuta mpaka vipande vikamchana mikono. Kamanda alichomoa bastola. Askari wote walikimbilia mlangoni pa ofisi kutazama, na nyuma yao mwuza mkaa akaanza kutambaa kuelekea barabarani, akiburuta mguu mmoja.