Mshale Kwenye Kijani

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimpigia simu Rhona kwa sababu Glasgow ilikuwa chini ya theluji na boila la kupasha nyumba joto lilikuwa limezima, basi. Alikuwa amehamia kwa dada yake tangu majani yalipoanza kupukutika.

"Mshale wa geji ya presha uko wapi?" mke wangu aliuliza, hata salamu hakuna.

"Umelala kwenye sifuri."

"Sakafuni kuna maji?"

"Pakavu."

"Juzi ulitoa hewa kwenye vyuma vya joto vya ukutani?"

"Nilitoa."

"Na hukuongeza maji. Kichwa kigumu wewe! Haya, fungua koki ya chini ya boila, polepole. Mshale ukifika kwenye kijani, funga, niende zangu."

Nilifungua. Maji yalinong'ona bombani, mshale ukainuka, ukaingia kwenye kijani.

"Umefika?"

"Bado," nilisema.

Nyuma ya sauti yake birika lilikuwa likichemka. Nilijua alivyosimama: simu ameibana begani, mguu mmoja ameupandisha juu ya mwenzake. Mkono wangu ulikuwa kwenye koki, ukakataa kugeuka.

"Bado tu?"

"Unakuja kidogo kidogo."

Mshale ulipita kijani, ukaingia kwenye nyekundu. Ghafla valvu ya usalama ikafyatuka, maji yakamwagika kwa kishindo kupitia bomba la nje ya dirisha.

Nilingoja akate simu.

"Funga koki, mjinga wewe," alisema, sauti imelegea. "Sasa itabidi upunguze maji kwenye vile vyuma vya joto, chumba hadi chumba. Kazi ndefu hiyo. Ngoja nivute kiti."