Tofali Lisiloguswa

Polisi wa kwanza kumtia machoni tangu duka langu livunjwe, nilimkuta katika ukumbi wa kanisa anakunywa chai kando ya sanduku la kura.

"Na wewe unafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Nalinda uchaguzi, mama. Si leo ninyi wananchi mnachagua msimamizi wa polisi wa jimbo zima?"

Sanduku lilikuwa tupu. Mlangoni alilala mbwa wa karani wa kura tu, mpiga kura hata mmoja hakuna.

Tangu Februari napiga simu kituoni, na kila nikipiga naambiwa, "Usiguse kitu, Bi Glenys, tunakuja kuchukua ushahidi." Ushahidi wenyewe ni tofali lililorushwa ndani kupitia dirishani. Sasa ni Mei. Wateja wanaliruka wakifuata maziwa, nami nafagia kulizunguka kama kaburi.

Nikatoka bila kupiga kura. Nikavuka barabara hadi dukani kwangu, nikaliokota lile tofali na vumbi lake, nikarudi nalo na kulibwaga mezani kwao. Chai ikamwagika.

"Haya! Maana miguu yenu mizito, nimewaletea."

Yule polisi akalitazama tofali, kisha akaitazama mikono yangu.

"Umelishika bila glavu?" akasema. "Sasa mama, ushahidi si umeshauharibu!"