Neno la Visanduku Thelathini

Alipiga magoti nyuma ya duka la dobi, akasukuma kisanduku cha bati kwenye ufa wa ukuta kwa nguvu ambazo kazi yenyewe haikuhitaji. Hicho kilikuwa cha ishirini na tisa. Kilibaki kimoja, na hicho angekiweka langoni kwa kaka yake.

Mchezo wenyewe haudhuru mtu. Mmoja anaficha kisanduku, anatangaza kwenye simu mahali kilipo. Wenzake wanakifuata kwa ramani, wanakifungua, wanatia jina kwenye kijidaftari kilichomo, wanakirudisha. Kila kisanduku ni nukta moja kwenye ramani ya wachezaji wote, na wajuzi huzipanga nukta zao zitoe picha: samaki, jogoo, kikombe. Mwaka uliopita mwenyekiti wa chama chao, daktari wa meno, alichora jino, watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Yeye hakuja kuchekesha. Alikuwa mchoraji ramani wa ofisi ya ardhi, mkono wake haukujua kupindisha mstari, na katika mchezo alijiita Penseli. Nukta zake thelathini zilikuwa neno moja lililolala juu ya mji mzima, kutoka stendi hadi ng'ambo ya reli: HAINI. Alizitangaza shaghalabaghala, ya huku leo, ya kule kesho, ili neno lisishtukiwe. Wenzake walibahatisha. Mmoja alisema ni ngazi, mwingine akaapa ni kitanda kisicho na godoro.

Kaka yake, aliyemzidi miaka kumi, alikuwa fundi wa kutandika vigae. Mama alipougua, ni yeye, dada mtu, aliyemlisha, akamwosha, akamgeuza kitandani, miaka mitatu. Mara moja tu alimwomba kaka aje akae na mama siku saba, naye apate kulala. Kaka aliitika, akataja na siku ya kuja. Hakutokea. Mama aliulizia habari zake hadi sauti ikamkauka, na siku ya tano akafa macho yakiwa mlangoni. Mazishini pia kaka hakuonekana. Alituma pole kwa mdomo wa jirani, kana kwamba amefiwa na mtu wa mtaa wa saba.

Miaka sita sasa waliishi mji mmoja, na dada akimwona barabarani huvuka upande wa pili. Hasira haikupoa. Alilala nayo, akaamka nayo, akaibeba kwenda kazini kama chakula cha mchana.

Katika wachezaji wote, aliyempoza moyo kidogo alikuwa Kobe. Hakuwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja wa chama, lakini hapakuwa na kisanduku ambacho hakukifikia, na kila mara aliacha ujumbe kwenye simu. Aliwahi kuomba asifichiwe vitu juu ya miti, magoti yake yamechoka. Penseli akamchora akilini: mwalimu mstaafu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Akawa anamwita bibi, na Kobe hakukataa.

Siku moja, akiwa amekorofishwa kazini na kila kitu kimemkaa vibaya, alimwandikia Kobe ukweli. Picha yake si picha, ni neno, na ni la mtu wa damu yake aliyemtupa mama. Alitarajia kukanywa, maana wazee hawaishiwi nasaha. Jibu lilichukua siku mbili.

"Basi liandike vizuri," Kobe alisema. "Alisome bila miwani."

Jumapili asubuhi wachezaji kumi na wanane walikusanyika kwenye nukta ya mwisho, kama tangazo lilivyosema. Kisanduku alikuwa amekibana chini ya nguzo ya taa, hatua mbili kutoka lango la kaka yake. Mwenyekiti alitandaza ramani kubwa juu ya boneti ya gari, akatia nukta ya thelathini kwa kalamu nyekundu, akarudi nyuma aitazame. Tabasamu likamfutika usoni. Aliuliza kwa sauti ya chini kama hilo ni jina la mtu.

"Ndiyo," Penseli alijibu. "Anakaa humo."

Watu walitazamana. Mmoja alikumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni, mwingine akamuunga mkono. Penseli hakuwasubiri waagane. Aliuendea mlango wa lango, akaugonga kwa ngumi mara tatu.

Kaka alifungua. Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani, na mkono mmoja ulikuwa umeshika nguzo ya lango asianguke. Aliwatazama wageni, akaitazama ramani juu ya gari. Maneno yote aliyoyatayarisha dada mtu yakasongamana, likapenya moja.

"Soma," alisema. "Soma mbele za watu."

Kaka hakusoma. Alijikokota hadi kwenye nguzo ya taa, akaishikilia, akateremka goti moja, kisha la pili, polepole, akiuma meno. Hakuuliza kisanduku kiko wapi. Alipenyeza vidole chini ya nguzo, akakitoa kisanduku, akafungua kijidaftari, akamwomba daktari wa meno kalamu. Aliandika mstari mmoja, akampa dada yake.

Mwandiko ulikuwa uleule uliokuwa ukimwandikia jina kwenye madaftari yake ya shule.

"Kobe. Mguu wa N ulipinda mvua iliposogeza kisanduku. Nimeunyoosha."