Genge la Jumamosi

Kila Jumatatu, mashine ya wilaya huwagawa wanafunzi upya katika shule zote za mji, ili magenge yasizuke. Wiki hiyo, kwa bahati, Anaeli alipangiwa darasa la mama yake, Mwalimu Mkunde, aliyekuwa akifundisha riwaya ya vijana watano wa genge moja.

Mwalimu alijiandaa kuwaonya kuhusu visu na wizi. Wanafunzi hawakujali visu.

"Mwalimu, hawa walijuana tangu lini?" aliuliza mmoja.

"Tangu chekechea."

Darasa zima likaguna. "Kwa hiyo kila mmoja alijua kwa mwenzake wanapika nini?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Jumamosi asubuhi mlango ukagongwa. Nje walisimama wanafunzi saba wa darasa lile, wamebeba mihogo, wanasukumana kwa vicheko.

"Mama, hili ndilo genge letu," alisema Anaeli. "Haliibi kitu. Tutakutana kila Jumamosi, popote mashine itakapotutupa."

Mkunde aliwatazama, moyo ukamjaa furaha. "Karibuni, wanangu. Ingieni upesi."

Akabandika chai kwenye sufuria kubwa. Walipoanza kuimba, akaenda kufunga mapazia.