Anwani Moja

Taa zote zilikuwa zinawaka kijani, lakini intaneti ilikuwa imekataa katakata. Valentine alipiga magoti mbele ya meza ya televisheni, laptopu imefunguka sakafuni, na saa ya ukutani ikamwonyesha kuwa ni saa tatu kasorobo asubuhi.

"Saa tatu kamili jaji anaingia," alisema mwenye nyumba, Eucabeth. Alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu wenye plasta umeegemezwa kwenye stuli. Alikuwa amevaa nguo yake ya Sabato ingawa ilikuwa Jumatano. "Mara ya mwisho nilitumia data ya simu, ikakatika nikiongea. Leo amesema hangoji mtu."

Valentine, fundi wa intaneti, alikuwa ametoka Homa Bay mjini na vifaa vyake mgongoni. Hapa Rodi Kopany hakumjua mtu. Alichojua ni kile alichoambiwa mlangoni: kijana wa mama huyu, Byron, aliuawa kwenye mashimo ya dhahabu kule Macalder. Aliyemuua alikuwa amepatikana na hatia mahakamani Migori, na leo, kabla ya adhabu kutajwa, mama wa marehemu angepewa nafasi ya kusema neno.

Aliigeuza modemu, akasoma karatasi iliyobandikwa chini. Akaigeuza na rauta.

"Hii modemu ni mpya, mama?"

"Waliileta juzi. Ile nyingine ilipigwa na radi."

"Basi shida ndiyo hiyo. Ona, modemu ni 192.168.1.1. Rauta nayo ni 192.168.1.1. Zote mbili ziko na anwani moja, kwa hivyo zinagombana."

"Sasa lazima moja itoke?"

"La, zote zinabaki. Nabadilisha namba ya moja tu, zitaelewana."

Mama Eucabeth aligeuza uso dirishani.

Valentine alichomoa waya uliounganisha vifaa hivyo viwili, akaingia kwenye rauta peke yake, akafuta moja iliyo katika sehemu ya tatu ya namba na kuweka mbili. 192.168.2.1. Akahifadhi. Rauta ikazima taa zake zote, ikaanza kuamka upya, polepole, kama isiyo na haraka na mtu.

"Walikuwa maadui, Byron na huyo aliyemuua?" Valentine aliuliza huku akingoja.

"Maadui? Walikuwa wanakula sahani moja." Mama alikunja leso mapajani, akaikunjua. "Waligombania shimo. Kila mmoja anasema yeye ndiye aliyeanza kulichimba. Akampiga na sururu. Mara moja tu."

"Mara moja tu!" Valentine alifoka. Kaka yake mwenyewe aligongwa na lori karibu na Rongo, na mpaka leo dereva hajulikani. Hakuna jaji aliyewahi kumwuliza mama yao neno lolote. "Yawa, mama! Usimwonee huruma. Mwambie jaji amfunge azeekee huko ndani."

"Kunywa chai, mwanangu. Inapoa."

Zikabaki dakika tatu. Valentine alirudisha waya wa modemu, akangoja, akafungua ukurasa mmoja. Ukafunguka. Akaichukua simu ya mama haraka, akaiunganisha na waifai, akabonyeza kiungo kilichotumwa na mahakama, kisha akaisimamisha kwenye kopo la sukari mezani.

Kioo cha simu kikagawanyika sehemu mbili. Upande mmoja jaji, upande mwingine chumba cha gereza, na ndani yake kijana mwembamba mwenye sweta kuukuu, kichwa amekiinamisha kiasi kwamba kilichoonekana ni nywele tu. Valentine alimtazama kwa chuki ambayo hakujua alikuwa nayo. Hata aibu ya kuangalia watu usoni hana, aliwaza.

"Mama Eucabeth, unanisikia?" aliuliza jaji.

"Nakusikia vizuri, mheshimiwa."

"Pole sana kwa kumpoteza mwanao. Kabla sijatoa adhabu, sheria inakupa nafasi. Ungependa mahakama imfanyie nini mshtakiwa?"

Machozi yalimtiririka mama hadi kwenye kola ya nguo yake ya Sabato. Valentine akahamia kochini, akamshika mkono.

"Sema, mama," alimnong'oneza. "Usiogope. Mtandao hautakatika tena."

Mama Eucabeth aliisogeza simu karibu, mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Mheshimiwa, mwambie kwanza ainue kichwa nimwone," alisema. "Nilizaa wawili tu, Byron na huyo."